Siku Nilipombeba Mama Bukwe kwa Baiskeli

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyombeba mama mkwe wangu nyuma ya baiskeli, mchana kweupe, tukapita katikati ya mtaa wetu uitwao Kenya watu wakitutolea macho. Wewe, kijana wa mtaani kwetu, unacheka. Wewe umezoea kumkumbatia mama mkwe wako na kupiga naye picha za simu. Sisi tuliokulia katika familia zilizotoka kaskazini, upande wa Kongolo, tulifundishwa vingine. Mama mkwe, au mama bukwe kama tunavyosema hapa Lubumbashi, humtazami usoni, humpi mkono, huli mbele yake, na mkikutana njiani mmoja wenu anapita majanini. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima, na mimi kwa heshima nilikuwa bingwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilifanya kazi karakana ya reli, zamu ya usiku, na mke wangu Adèle alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, Félicité, ambaye sote tulimwita Feli. Mama yake Adèle akapanda treni kuja kumsaidia kulea. Alikuwa mama mwenye mwili mdogo na sauti kubwa, rozari haikumtoka shingoni. Feli alipotimiza miezi minne, Adèle akarudi kuuza mikate sokoni. Hapo nyumbani mchana tukabaki watatu: mimi niliyetoka kazini kulala, mama bukwe, na mtoto.

Tulizungumzaje, basi? Kupitia Feli. Mama bukwe alimpakata uani, mimi nikiwa chumbani nyuma ya pazia, naye akamwambia mtoto kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "Feli, ambia papa yako bukari iko mezani." Nami nikajibu kutoka kitandani, nikimshukuru bibi yake kwa ule ugali, "Feli, ambia kambo yako aksanti sana." Feli alikuwa akinyonya kidole. Nyumba yetu iliendeshwa hivyo, mkalimani wetu hana jino hata moja kinywani, na niseme ukweli, tulielewana. Hatukugombana hata mara moja.

Wiki moja mabomba ya mtaa yakakauka, tukawa tunachota maji kwenye kisima cha jirani. Adèle alisisitiza yachemshwe. Mama bukwe aliyachemsha ya mtoto, ya kwake akasema yakichemshwa yanapoteza ladha. Jumatatu, nikiwa nimelala, nikasikia mlango wa nyuma ukilia. Ukalia tena, ukalia tena. Mlango ule ulielekea chooni, na bawaba zake sikuwahi kuzitia mafuta, mimi fundi wa reli! Kufikia alasiri nilikuwa nimehesabu mara sita. Jumanne ikawa mara tisa, na katikati nilimsikia akitapika taratibu, kama mtu anayeomba radhi. Adèle aliporudi jioni alimkuta mama yake ameoga, amevaa kitenge safi, akisema ni uchovu wa joto tu.

Mimi nilijua. Katika nyumba ile mimi peke yangu nilijua, na sikusema. Ningesemaje? Nimwambie mke wangu kwamba nashinda kitandani nikihesabu safari za mama yake chooni? Niliona mkwe mwenye adabu hana masikio kwa mambo hayo. Jumatano asubuhi, nilipotoka kazini, hata sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilipitia kwa rafiki yangu mmoja, nikakaa huko, ili mama wa watu apate nafasi bila kuona haya. Nilidhani ninamtendea wema. Mwanangu, hadi leo nikikumbuka hilo natamani kujizaba kofi.

Niliporudi, kama saa nne hivi, nilimkuta ameanguka karibu na ndoo za maji. Feli alikuwa juu ya mkeka, analia. Macho ya mama bukwe yalikuwa yamezama na midomo imekauka kabisa. Nami nikasimama hatua tano kutoka kwake, na utaamini? Nikageuza uso pembeni nisimtazame. Naye, katika hali ile, akavuta kitambaa akajifunika, akasema kwa sauti ndogo iliyobaki, "Feli… ambia papa yako… asinikamate."

Nikatii! Nikabaki nimesimama pale. Niliogopa sana asije akafa, na niliogopa sana kumgusa, na kati ya woga huo na huu miguu ikakataa kwenda popote.

Aliyenishtua ni jirani yetu, Mama Ngalula, mjane mtu mzima aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, upande wa pili wa ua. Kilio cha mtoto kilimvuta. Akaja na mchi wake mkononi.

"Papa Feli, uko naangalia nini kule? Ukuta njo iko mugonjwa?"

"Mama, ni bukwe yangu," nikasema. "Siwezi kumugusa."

"Eh! Ungojee akufe, njo utamubeba mu sanduku? Ile siku haya itakuwa wapi?" Akanisogelea na ule mchi. "Heshima ya bukwe ni ya bantu bazima, hapana ya mugonjwa. Kamata mama, upesi! Mutoto nitabaki naye miye."

Nimegombezwa na mabosi na mapadri, mwanangu, lakini hakuna aliyenigombeza kama Mama Ngalula siku ile. Nikainama nikambeba mama bukwe. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, na wepesi ule ulinitia hofu. Nikamweka nyuma ya baiskeli, na kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kujishika, Mama Ngalula akachukua kitenge akamfunga mgongoni kwangu, kama unavyofunga mtoto. Fundo likaja kifuani pangu. Tukaondoka.

Wauza mkaa walishusha magunia yao ili watutazame vizuri. Mwanamke mmoja akapiga ishara ya msalaba. Mimi nilikanyaga tu, jasho linanitoka, kichwa cha mama mkwe wangu kimelala mgongoni mwangu. Nikahisi kimetulia mno. Nilikuwa nimeanza kusali aliposema polepole, "Feli, ambia papa yako aepuke mashimo."

Feli tulikuwa tumemwacha kwa Mama Ngalula! Hata hivyo nikajibu, "Feli, ambia kambo tunafika sasa hivi." Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, na sikujali nani ananiona.

Pale kituo cha afya tulipokelewa na muuguzi mmoja, binti wa miwani, asiye na muda wa kupoteza. "Tangia siku gani, mama? Na kwa siku, mara ngapi?"

"Kidogo tu," mama bukwe akasema.

Binti akanigeukia. "Papa, weye unaishi naye. Il faut useme, ni lazima."

Nikaitazama sakafu, nikasema yote. Tangu Jumatatu. Jumatatu mara sita, Jumanne mara tisa, na kutapika, na leo sijui kwa sababu nilikimbia nyumba. Mama bukwe akajifunika uso mzima. Muuguzi hakushangaa wala hakucheka, alichukua hesabu zangu akaziandika, na mara akamtundikia serumu, dripu za maji, mkono huu na mkono huu. Kisha akaniita kando.

"Ungemuleta juzi, tungemupa ya kunywa tu, maji na chumvi na sukari. Ungemuleta kesho, sijui ningekuambia nini." Akaweka miwani sawa. "Na mutoto? Nani anamuogesha? Nani anamushika?"

Ugonjwa wa kuhara huambukizwa kwa mikono, na mikono iliyomlea Feli siku zile ilikuwa ya mama bukwe. Nilikuwa nimeilinda haya ya mtu mmoja, na sikuwa nimemfikiria hata Feli. Mungu alituhurumia, mtoto hakupata kitu, lakini jioni ile Adèle alipoambiwa alinitazama, na mtazamo ule sitaki kuupata mara ya pili.

Mama bukwe alilala pale siku tatu. Siku ya tatu mchana nilipeleka uji, nikauweka kwenye kiti karibu na mlango kwa desturi, nikageuka kuondoka.

"Papa Feli."

Hakupitia kwa mtoto. Aliniita mimi.

"Kuya hapa. Niangalie."

Nikamtazama, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Alikuwa na macho yale yale ya Adèle.

"Ulinipatisha haya," akasema. "Mbele ya bantu yote ya mutaa ya Kenya, na mbele ya ule mutoto wa miwani. Kule kwa baiskeli nilikukasirikia sana." Akavuta pumzi. "Na ile haya njo ilikuwa naniua. Aksanti, mutoto yangu. Sasa nenda utafute kuku."

Desturi yetu yenyewe ina njia zake, mwanangu. Mkwe akileta kuku, mkamla pamoja, miiko mingine inalegezwa. Nilileta jogoo mkubwa. Tukala sahani moja, naye katikati ya chakula akaniambia ninatia chumvi nyingi mno, na tangu siku ile hakuacha kuniambia mambo. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilipofika hamsini nikaanza kuficha maumivu ya kichwa, ni yeye aliyesimama baada ya misa akawatangazia wanakwaya wote kwamba mkwe wake anaogopa kupimwa tension, presha ya damu. Nilipimwa kesho yake. Dawa ninameza hadi leo, na ndiyo maana niko hapa nakuchosha kwa hadithi.

Sasa nisikilize. Nawaona ninyi vijana mna haya kuliko sisi, ila mnaifichia kwenye simu. Kijana anakojoa kwa maumivu, anaiuliza simu. Binti hali, halali, nyumba nzima inasema ni mambo ya umri. Baba anakunywa maji ndoo nzima kwa siku, huenda ni kisukari, watoto wanaona, wananyamaza kwa kuwa ni baba. Usinyamaze. Ukiona, sema siku hiyo hiyo. Kama kinywa chako ni kizito kumwambia mwenyewe, mwambie mtu mwingine atakayeweza. Chemsheni maji ya wakubwa pia, nao wana matumbo. Mpeleke mgonjwa kituoni angali anatembea kwa miguu yake. Na wazee wako waheshimu, wapishe njia, wasalimie kwa mikono miwili. Lakini mwili wao ukianza kuwasaliti, wasogelee.

Leo ukifika nyumbani, muulize mama yako mwili wake unaendeleaje. Atakuambia hajambo. Usiondoke. Vuta kiti ukae, usubiri jibu la pili. Mungu akupe ujasiri wa kukaa hapo, awape wazazi na wakwe zako uzee mrefu wenye maneno mengi, nawe uishi kuwasikiliza wote.