Mashine ya Wifi

Kaka yangu hajui kusema uongo. Tangu utotoni ndiye aliyekuwa akituchoma kwa mama. Kwa hiyo nilipomsikia akimdanganya mke wake kila jioni bila kupepesa macho, nilishika tama.

Yeye ni fundi mitambo katika kiwanda cha mablanketi. Wifi yangu alikuwa mfumaji hapohapo, mpaka biashara ilipodorora wakapunguza watu. Wafumaji wengi walirudishwa nyumbani, wakaambiwa mambo yakitengemaa wataitwa. Wifi alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Sare anaifua na kuipiga pasi kila wiki. Nikamtania, "Wifi, hiyo nguo itachakaa kabla hujaivaa." Alicheka, lakini moyoni nilimwonea huruma.

Kaka akiingia tu, hata viatu hajavua, anaulizwa, "Mashine yangu inaendeleaje?"

"Iko salama. Leo nimeipaka mafuta."

"Bado inagoma asubuhi?"

"Bado. Ina kiburi, inakungoja wewe."

Wifi anatabasamu mpaka chakula kinapoa.

Ukweli ni kwamba kaka alikuwa ameifungua mashine ile mwenyewe, kwa amri ya meneja, na vyuma vyake vikatiwa kwenye mashine zilizobaki. Aliniambia uani, akaniapisha nisifungue mdomo. Nikamwambia ni mwoga. Mpaka leo sijabadili kauli.

Jana alirudi amenyong'onyea. Swali likaja kama kawaida. Akavuta kiti, akasema, "Mke wangu, haipo. Niliifungua kwa mikono yangu hii."

Wifi aliendelea kupakua. "Najua. Jirani anayefanya kazi palepale aliniambia zamani."

"Sasa mbona unaniuliza kila siku?"

"Ukisimulia, na mimi nakuwa kule kidogo. Nina hamu na kazi yangu, baba watoto. Nina hamu mpaka naumwa."

Kaka alijaribu kusimulia, akaishia kwenye kupaka mafuta. Basi Wifi akaketi, akasimulia mwenyewe: kwamba asubuhi mashine imegoma, ameibembeleza, imekubali, na blanketi la kwanza limetoka jekundu, halina kasoro. Tulimsikiliza hivyo, chakula mbele yetu, mpaka simulizi lake lilipofika saa ya kutoka kazini.