Yule Ndege Nilimzika Mimi

Nilikosa. Sina namna nzuri ya kulianza jambo hili, kwa hiyo naanza na kosa lenyewe: nilimsingizia mtu, na niliyemsingizia ni mama wa watu aliyekuwa akimletea bibi yangu uji.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, huku kwetu Handeni. Bibi alitolewa kwenye mji wake wa zamani, penye makaburi ya wazee wake, akapangwa kwenye nyumba za mstari pamoja na watu asiowajua. Mimi ndiye niliyeishi naye. Akawa haongei. Alikaa kizingitini tangu asubuhi, anatazama upande aliotoka.

Nikasema nimtafutie kitu cha kumliwaza. Nilipokwenda Mnyuzi kumsalimia shangazi, nilimkuta mzee mmoja karibu na reli anauza kasuku wadogo wa kijani. Mmoja alikuwa akipiga kelele na kung'ata fito za tundu. Mwingine ametulia pembeni, amejitunisha manyoya, macho nusu ameyafumba. Nikampenda huyo, maana bibi hapendi makelele.

"Binti, chukua huyu mwenye kelele," mzee akaniambia. "Ndege akinyamaza hivyo ana lake jambo."

Nikaona ananichagulia. Mimi na ubishi wangu! Nikamchukua aliyenyamaza.

Bibi alifurahi jamani. Alimtafunia mahindi, akamlisha mdomo kwa mdomo. Tundu lilikaa karibu na mto wake. Ndege hakulia hata siku moja. Alikuwa akipiga chafya, na kinyesi chake kilikuwa majimaji. Niliyaona yote hayo nikanyamaza, maana bibi alikuwa hajacheka tangu tuhame.

Wiki ya tatu bibi akashikwa na homa na kikohozi kikavu. Asubuhi moja nikamkuta ndege amekufa. Maneno ya yule mzee yakanirudia. Nikamfunga kwenye kitambaa na kumzika nyuma ya choo tulichotumia pamoja na jirani, kabla bibi hajaamka. Nikamwambia ameruka.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwetu sisi, kitu cha mgonjwa kikipotea watu huuliza nani amekichukua, maana aliyekichukua amemchukua na mgonjwa. Ndugu walipokuja kumtazama bibi wakaenda kwa mganga, wakarudi na jibu: aliyemchukua ndege yuko mlango wa karibu.

Mlango wa karibu ulikuwa wa Mama Zaina, mjane Msambaa kutoka milimani. Ndiye huyo wa uji. Kila siku alikuja na bakuli, akamkanda bibi kifua.

Balozi wetu wa nyumba kumi akaniita mbele ya watu. "Ulimwona nani karibu na ndege?"

Ningesema ndege amekufa, wangeuliza nani alimleta nyumbani akiwa mgonjwa. Nikajibu, "Nilimwona Mama Zaina."

Mama Zaina hakujitetea. Alinitazama tu, mpaka nikainamisha macho.

Kesho yake walimbomolea jiko. Akaondoka na binti yake, furushi kichwani. Bibi akawa ananiuliza, "Mama Zaina mbona haji, mjukuu wangu?" Siku ya nne akafariki.

Miaka ikapita. Nikaolewa Korogwe. Siku moja, kwenye mazungumzo tu, muuguzi mmoja akaniambia kasuku mgonjwa huweza kumwambukiza mtu maradhi ya kifua, na kwamba wengi huanza kwa kunyamaza na kujitunisha.

Nikapanda milimani kumtafuta Mama Zaina. Nilimkuta binti yake peke yake, naye akaniambia mama alishafariki. Nikapiga magoti, nikaanza kueleza. Akanikatiza.

"Dada, tunajua. Mama alikuwa chooni asubuhi ile. Alikuona ukimzika."

"Sasa mbona hakusema?"

"Nilimwuliza hivyo njia nzima. Akasema, 'Nikisema, watamgeukia yule mtoto. Mimi nina kwetu pa kurudi. Yeye kwao wameshamtoa.'"

Nililia pale chini mpaka yule binti akaniinua.

Nyinyi mnaosoma, mkitaka ndege mdogo mtulivu wa kukaa naye, chagueni kwa macho. Mtulivu aliye mzima hula, hujisafisha manyoya, hukutazama ukimsogelea. Aliyejikunyata na kunyamaza, muulizeni anayemwuza ana nini, na akiwaambia msimbishie.

Na ukiulizwa mbele ya watu, sema ulilolifanya. Mimi nimeshakuwa bibi sasa, nina kikohozi changu, na kila asubuhi jirani akifungua mlango, moyo wangu hungoja uji wa Mama Zaina.