Aliyekuja Kunipima Damu

Sijawahi kunywa pombe, na siku ile akili zangu zilikuwa timamu. Naanza na hilo kwa sababu najua mtakachosema. Anayetaka kucheka acheke, mimi nilikuwepo.

Ilikuwa miaka ya sabini, Mpanda, kwenye kituo cha utafiti wa mbung'o, wale inzi wanaoambukiza malale, ugonjwa wa usingizi. Wataalamu tulikuwa wawili tu, mimi na Desideri, mtu wa Ikola. Asubuhi tuko porini na wakamata mbung'o, mchana tumeinamia hadubini, jioni ripoti. Likizo tulizisikia kwa wenzetu. Nilichoka, jamani. Nilifika mahali nikawa nasinzia na kijiko mdomoni.

Kituo kilikuwa na sheria: kila Jumamosi kila mtu achomwe kidole, damu yake itazamwe, majibu yaandikwe daftarini. Wakamata mbung'o tuliwapima wote, hakuna aliyeponyoka. Sisi wawili je? Nani alikuwa na nafasi? Desideri aliniandikia "safi", nami nikamwandikia "safi", tukaenda kula. Wiki baada ya wiki.

Kisha Desideri akaanza kukonda. Akawa mkali kwa vitu vya kipuuzi, mara analala juu ya meza. Nikamwambia, "Nenda nyumbani ukapumzike, kaka. Umechoka tu." Na siku aliyoondoka, niaminini, nilimwandikia safi.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi saa saba mchana, wenzangu walikuwa wamekwenda kula. Mlango ukafunguka, akaingia Desideri. Koti lake jeupe limenyooka kwa pasi. Kituo kile nani alikuwa na pasi? Lakini sikuwaza hilo, nilifurahi mno kumwona.

"Umepona, kaka?"

Alikaa kwenye kiti chake, akachukua sindano. "Leta kidole."

"Aa, mimi nimechoka tu."

"Hata mimi uliniambia hivyo."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Nikatoa kidole. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na jua la Mpanda mnalijua. Akaweka tone la damu kwenye kioo, akalifunika, akakisogeza chini ya hadubini, halafu akanipisha.

Nikainama. Walikuwepo, wadudu wa malale, wanajipindapinda katikati ya damu yangu. Ndiyo kazi iliyokuwa ikinilisha, ningekosea vipi kuwatambua? Nilipoinua kichwa, kiti kilikuwa kitupu. Nikatoka mbio. Mpishi alikuwa kibarazani, mlangoni kabisa, anachambua mchele. Hakuona mtu akiingia wala akitoka.

Jumatatu dereva wa lori la dagaa alileta habari kutoka Ikola. Desideri alizikwa Ijumaa. Mwishoni alikuwa analala mchana kutwa na kuweweseka usiku kucha. Malale. Mimi, mtaalamu wa malale, sikuyaona kwa mtu niliyekula naye sahani moja. Nililia mbele ya yule dereva bila aibu.

Nililazwa. Sindano za malale huingia mshipani zikiwasha kama pilipili, na kila moja nilisema nimestahili. Nilipona, ingawa mguu wa kushoto naukokota mpaka leo, na usingizi ukinijia mchana nashtuka.

Niliporudi kituoni nilifungua daftari. Jumamosi ile, mbele ya jina langu, palikuwa pameandikwa kwa mwandiko wake: "Ana wadudu." Mstari wa juu yake ni jina la Desideri. Safi, safi, safi, mpaka siku aliyoondoka, yote kwa mwandiko wangu.

Basi nyie mnaohudumia watu, hospitalini, shuleni, maabara, popote: mwenzako akikuambia amechoka tu, usimkubalie upesi. Mpime, naye akupime. Mimi wangu sikumchoma kidole alipokuwa hai. Ikabidi aje yeye kunichoma mimi.