Salamu za Taa Njia ya Maswa

Niliporudi Bariadi sikurudi kama wanavyorudi wengine, na begi moja na maneno mengi. Nilirudi na gari langu mwenyewe, na diploma yangu ya usafirishaji na usalama barabarani, kwenye nyumba niliyokuwa nimeijenga kwa simu nikiwa Muscat. Nayasema haya mwanzoni ili msomaji ajue anasoma habari za mtu gani. Nilichunga ng'ombe wa watu kijijini Mwamapalala. Nililima pamba ya watu. Nikaenda Dar es Salaam nikiwa sijui hata kuvuka barabara, nikabeba mizigo mchana na kusoma jioni, na diploma nikaipata bila mjomba wa kunishika mkono. Muscat nilianza kwa kufunga mizigo kwenye malori, nikamaliza nikiwa msimamizi wa usalama katika kampuni ya mabasi ya kubeba wafanyakazi. Wapakistani, Wahindi na Wamisri, wote walikaa mbele ya meza yangu wakijieleza kwa nini walizidisha mwendo, na sijui kama kuna mmoja aliyenidanganya akafanikiwa.

Gari nilijifunza huko huko, na sijawahi kuandikiwa kosa la mwendo maishani. Muscat kamera imesimama kwenye nguzo yake, haina njaa wala undugu. Ukizidisha inakupiga picha na faini inakuja kwenye simu. Basi nikazoea kuendesha hivyo. Kibao kikisema hamsini, mimi ni arobaini na nane.

Nyumba yangu ina vigae na madirisha ya alumini, na ina vyumba vingi kuliko watu. Ukikohoa sebuleni, kikohozi kinakwenda mpaka jikoni na kurudi. Mke wangu alikuja na watoto mara moja, akaizunguka yote, akaisifia kwa haki kabisa, kisha akasema ni nyumba nzuri ya likizo. Watoto wana shule zao Dar es Salaam na yeye ana biashara yake. Sikuwa na hoja ya kumshinda. Mwenyewe nilikuwa nimeishi mbali nao muda mrefu kiasi kwamba wakinipigia simu huwa wanajitambulisha.

Bariadi yenyewe haikunijua. Mimi ni mtu wa Mwamapalala, mjini nilikuwa nakuja siku za mnada tu, na mji nilioukumbuka ulikuwa soko na vumbi. Sasa ni makao makuu ya mkoa, una maofisa kutoka kila upande wa nchi. Vijana wa mtaani kwangu waliniamkia shikamoo ile wanayompa mgeni, ya haraka, huku wakiangalia gari. Jirani wa karibu alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara, Mrangi wa Kondoa, mtu wa swala tano na maneno machache. Siku nyingine yeye ndiye mtu pekee niliyesema naye kuanzia asubuhi mpaka jua kuzama.

Kilichonifanya nianze kuipenda nchi yangu upya kilikuwa barabara ya Maswa.

Wiki ya kwanza tu, nikiwa naelekea Maswa mchana kweupe, basi dogo lilitokea mbele yangu likaniwashia taa, mara mbili, haraka haraka. Nikashtuka. Muscat mtu akikuwashia taa anakuwa nyuma yako, na maana yake ni nipishe. Huyu alikuwa mbele, kwenye upande wake, na njia yake ilikuwa wazi. Nilipomtazama usoni wakati tunapishana, alikuwa ameinua kidole kutoka kwenye usukani. Baada yake likaja lori la pamba, nalo likawasha. Kisha gari aina ya Noah. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba watu wa kwetu wana ustaarabu wa kusalimiana barabarani. Na kwa sababu nilikuwa na gari jipya, safi, lisilo la kawaida mkoani, nikajiambia habari zangu zimeenea. Yule mtoto wa Mwamapalala aliyekwenda Uarabuni amerudi.

Kuanzia hapo nami nikaanza kuwasalimu. Gari lolote lililotokea mbele nililiwashia taa mara mbili, bila ubaguzi, bodaboda nao wamo. Wengi walipunguza mwendo kabisa tulipopishana, wakanitazama, na mimi nikainua mkono. Nilifurahi jinsi walivyopunguza. Nilidhani ni heshima.

Trafiki nilikuwa nawaona mbele, sikatai. Lakini nilikuwa nawaona kila mahali, chini ya mti, kwenye kona, wengine na ile tochi ya kupimia mwendo, na kwa arobaini na nane yangu walinipungia nipite. Sikuwa na sababu ya kuziunganisha taa na tochi. Mtu asiyekimbizwa hana haja ya kujua njia za kujificha.

Ikafika mahali nikawa natafuta safari. Nilikwenda Maswa kununua misumari. Siku nyingine nilikwenda kununua rangi, halafu nikarudi kesho yake kununua brashi. Mrangi akanitazama nikishusha mfuko, akavuka barabara.

"Mzee wangu, hiyo misumari ipo hapa dukani. Tena ni ile ile, gari linalowapelekea wao linaanza kwangu."

Nikamwambia napenda kunyoosha gari. Singeweza kumwambia kwamba kwake napata misumari tu, na kule njiani nasalimiwa na watu wengi kabla sijafika.

Wakati huo bosi wangu wa Muscat alikuwa ameniandikia. Aliyeshika nafasi yangu ameshindwa, akasema, na hilo halikunishangaza. Alitaka nirudi kabla ya Ramadhani, la sivyo amchukue mwingine moja kwa moja. Nilikuwa na umri ambao nafasi kama hiyo haitarudi tena. Nikikataa, nimekataa kabisa, nitazeekea kwenye ile nyumba. Sikumjibu. Kila nilipotaka kuandika kwamba naja, nilikuwa nikikumbuka zile taa. Muscat nilikuwa na meza, kiyoyozi na chumba, lakini hakuna aliyewahi kufurahi kwa sababu mimi nimetokea kwenye kona.

Kisha ikaja siku ya ile Probox.

Ilikuwa nyeupe, imejaza abiria wa Maswa, mwendo wa mtu anayewahi kitu. Nikaiwashia taa kama kawaida. Ikanywea, ikatambaa mpaka tukapishana. Nikainua mkono. Baada ya muda, kwenye kioo, nikaiona imegeuka na inanifuata. Ikanipita, ikanizibia njia. Akashuka dereva, mwanamume mfupi wa makamo, kofia kaigeuza nyuma, akaja mpaka dirishani kwangu. Hakunipa salamu zetu, si mwangaluka wala mwadila.

"Trafiki wako wapi?"

"Trafiki gani?"

"Si umeniwashia taa wewe?"

"Nimekusalimu."

Akanitazama, akalitazama gari, akanitazama tena, kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia. Nyuma yake abiria walikuwa wameteremsha vioo kusikiliza. Mama mmoja aliyempakata kuku akawageukia wenzake akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Kumbe baba wa watu alikuwa anatwambia mwadila."

Gari zima likacheka. Hata kuku alisumbuka. Dereva peke yake hakucheka. Akanieleza, huku akipiga kidole kwenye mlango wangu kwa kila neno, kwamba taa ni tochi. Mtu akikuwashia taa mchana anakwambia mbele kuna trafiki wana tochi, shusha mwendo. Kila dereva wa mkoa huu anajua, mpaka waendesha trekta. Akasema mwezi mzima mimi nawashushia watu mwendo bure, wanatambaa kama konokono wakimtafuta trafiki ambaye hayupo, na leo mwenzake aliyekuwa nyuma amempita na atawakuta abiria wa kituo kinachofuata kabla yake.

"Stendi nzima tunakujua, ngosha. Ukitokea wewe watu wanaulizana, huyu leo anasema kweli au ndiyo kawaida yake?"

Hapo ningeweza kuomba radhi, lakini mimi nina diploma ya jambo hilo hilo. Nikamwambia kibao cha hamsini hakikuwekwa kwa ajili ya trafiki, kimewekwa kwa ajili ya watoto wanaovuka kwenda kuchota maji, na kwamba wanaopeana taa wanasaidiana kuvunja sheria. Nikamwambia nilikuwa nafukuza watu kazi kwa makosa madogo kuliko mwendo wake. Naamini hivyo mpaka leo.

"Kibao kiko hapa, kijiji kiko kule mbele," akasema, akinyoosha mkono kwenye mbuga tupu. "Mtoto gani atavuka hapa? Nikifika kwa watoto napunguza mwenyewe, nina wanne. Trafiki kwa nini hasimami kule kwa watoto? Anasimama hapa, kwenye mteremko, nyuma ya katani."

Nikaitazama ile mbuga, kisha nikakitazama kibao. Alipokuwa anaondoka akageuka. "Salamu ni mkono, bosi. Taa acha."

Nilirudi nyumbani bila kumwashia mtu taa. Walioniwashia njiani niliwatazama kwa macho mengine. Kila taa niliyowahi kupewa nikairudia kichwani, basi dogo, lori la pamba, Noah, na katika zote hizo hapakuwa na mtu aliyejua mimi ni nani. Walikuwa wanaliambia gari. Lingekuwa na mbuzi kwenye usukani wangeliwashia vile vile. Nikakaa sebuleni na simu yangu, nikaandika kwa bosi kwamba nakuja, ila nikaona siwezi kutuma kabla ya kumuaga dada yangu.

Dada ni mkubwa wangu, ndiye aliyebaki Mwamapalala, na ng'ombe wachache na macho yanayoanza kuchoka. Nilimkuta anaanika michembe, vile viazi vyetu vya kukausha. Nikamwambia. Hakunizuia. Aliuliza kama huko wanakula vizuri, akaingia ndani, akanifungia mfuko wa michembe ya kwenda nayo, kana kwamba Muscat ni hapo Maswa. Ningependa anizuie. Mtu aliyejitafutia kila kitu peke yake, watu humwachia aamue peke yake pia.

Nikarudi kwenye lami na mfuko wangu. Kwenye mteremko, nyuma ya ua wa katani, nikamwona trafiki mwanamke, tochi mkononi, na mwenzake pembeni na pikipiki. Nikapita kwa arobaini na nane. Akanipungia. Na kule mbele, juu ya kilima, ikatokea Probox nyeupe.

Nilimfahamu kabla sijaisoma namba. Alikuwa anakuja ule mwendo wake. Niseme wazi kwamba sijawahi kumsaidia mtu kuvunja sheria ya barabarani, na nilikuwa nimemwambia hivyo mbele ya abiria. Lakini mkono ulikwenda. Nikampigia taa mara mbili, nikarudia, nikarudia tena.

Naye akanijibu. Taa, honi, na mkono wake wote nje ya dirisha. Abiria nao wakatoa mikono, vioo vyote, wananipungia na kucheka, na wengine nikasikia wanaita mwadila tulipopishana. Hakupunguza hata kidogo. Alikuwa ananisalimu.

Kwenye kioo nikamwona trafiki akiingia barabarani na kuinua mkono.

Nikageuza. Sijui nilitaka kufanya nini. Nilipofika dereva alikuwa ameshashuka, kofia mkononi, yule afande anamwonyesha kwenye kile kioo kidogo cha tochi jinsi mwendo ulivyosomeka. Nikasimama pembeni yao. Afande akanitazama juu mpaka chini, akaniomba leseni na mimi, akaizungusha, akakagua matairi, taa, kizimamoto, pembetatu. Vyote vilikuwa sawa, kama ilivyo siku zote. Akanirudishia.

"Sasa wewe umesimama hapa kwa shida gani?" akauliza. "Huyu ni nani wako?"

Nikairudisha leseni mfukoni. Afande akamgeukia dereva. "Unamjua huyu mzee?"

Dereva alinitazama. Nilidhani atasema yote, kuhusu taa na salamu, na afande angekuwa na haki ya kuniuliza mengine. Akavaa kofia yake.

"Namjua kwa gari," akasema.

Afande akaendelea kuandika. Yule dereva akapokea karatasi yake, akaikunja, akaingia garini. Hakuniaga. Abiria walikuwa wameacha kucheka, wanachelewa, na mmoja alikuwa anagombana naye kuhusu kituo. Wakaondoka taratibu mpaka walipopotea kwenye kona, halafu nikasikia injini ikipanda.

Nilibaki ndani ya gari kando ya barabara. Nikatoa simu, nikafuta ule ujumbe wa kwanza, nikaandika kwamba nafasi ampe mwingine. Miaka yote Muscat hakuna aliyenijua hata kwa gari, maana gari lilikuwa la kampuni, lina namba ubavuni, na leo analiendesha mwingine.

Bosi ni mtu wa haraka. Akaniuliza kama nimepata kazi nzuri zaidi nyumbani. Nikaandika: hapana, nimeanza kupata watu. Nikaisoma. Magari mawili yalipita, hayakuniwashia chochote. Nikafuta kuanzia kwenye mkato, nikabakiza hapana, nikatuma.