Mafuta ya Taa ya Bibi

Kila nikiwasha jiko la utambi, harufu ya mafuta ya taa hunipandisha hasira.

Dereva wa lori la pamba aliishiwa petroli mbele ya kaya yetu. "Mayu, mama yangu," alimwambia bibi, "nisaidie mafuta." Kwetu mgeni hanyimwi. Bibi akamtolea kopo zima la mafuta ya taa, yote tuliyokuwa nayo. Pua ya kuyanusa alikuwa nayo dereva yule, lakini aliyamimina mwenyewe kwenye tangi! Lori likakohoa, likafuka moshi, likazima. Vijana wakalisukuma huku wakiimba wimbo wa kulimia, wapi! Ndipo akamnyooshea bibi kidole.

"Tazameni macho yake mekundu, macho ya kichawi! Huyu ameniroga!"

Wimbo ukakatika. Macho ya bibi yalikuwa mekundu kweli, kwa moshi wa kinyesi kikavu cha ng'ombe alichotumia kutupikia maisha yake yote.

Kesho yake dereva alipata petroli, akayamwaga yale mafuta, lori likanguruma, akaenda zake bila hata kuaga.

Kila alfajiri majirani walizoea kuja kwa bibi kuomba kaa la moto. Alfajiri iliyofuata hakuja mtu. Bibi aliuchochea moto wake vilevile, akakaa akiutazama mlango.