Kogo ameona shelfu yangu ya maua

Leo karibu niozwe kwa sababu ya shelfu ya maua.

Ni ubao mmoja tu, nimeutundika sebuleni kwa kamba. Juu nimepanga mikebe ya maua, na sinendet, ule mmea wetu wa kutambaa, inaning'inia mpaka chini.

Ndiyo, ile ile tunayowavisha maharusi na washindi. Lakini si ni mmea mrembo jamani?

Nyanya yangu, Kogo, akaingia kutoka Sosiot. Akaiangalia.

"Hii niliona kwa memsahibu, miaka ya hamsini."

Kumbe alikuwa akifagia nyumba ya mzungu kule kwa mashamba ya majani chai!

"Nikajua kuna harusi. Nikaambia wamama wote wa kambi ya wafanyakazi."

Jumamosi wakafika wakiimba, wamebeba mursik, yale maziwa yetu ya mgando, kwa kibuyu. Memsahibu akatoka akauliza ni nani anaolewa. Wote wakamgeukia Kogo. Kogo akaonyesha sinendet iliyoning'inia dirishani.

"Ukafutwa kazi?"

"Aai! Alikunywa mursik, akacheza na sisi."

Nilicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Bado alikuwa anaangalia shelfu yangu.

"Sasa wewe, huyo wako anaitwa nani?"

Watu wangu, nimpe jina gani? Ameshaanza kupigia wamama simu.