Magnum Mbili na Mpunga wa Bibi

Juzi pale Kihonda, nikisubiri pikipiki yangu itengenezwe, niliwakuta vijana wawili wakibishana juu ya video kwenye simu: bunduki ipi kali, magnum ya mia tatu au ya tatu sabini na tano? Nikacheka peke yangu. Ubishi huo, ndugu yangu, niliusikia nyumbani kabla sijaacha shule, na shule niliiacha mapema.

Baba alikuwa bwana nyama, mtu wa serikali wa kuzuia wanyama waharibifu, huko chini ya Uluguru ambako mto unatulia na kuingia mashambani. Alikabidhiwa tatu sabini na tano. Risasi yake nene, ndefu, na ikilia sahani za bibi zilitikisika kwenye kichanja. Jirani yetu, Mnyamwezi mstaafu wa jeshi, alikuwa mtani wa baba, maana sisi ni Waluguru. Yeye alikuwa na mia tatu yake ya kibali, risasi nyembamba yenye mbio, na jeshini alishindana kulenga shabaha za mbali. Sisi watoto tuliyapuliza maganda matupu ya risasi zao kama filimbi. La baba liliunguruma, la mtani lililia kama kifaranga.

Mwaka ule mpunga wa bibi uliiva, na nyati dume akahamia kwenye matete kando ya shamba. Alimpiga pembe mwanamke mmoja, akamvunja paja. Hakuna aliyethubutu kuvuna tena. Kila asubuhi bibi alisimama mlangoni na kisu chake, akiwasikiliza ndege wakimaliza chakula chetu cha mwaka.

Asubuhi moja baba akaamua kuijaribu bunduki yake kabla ya kumfuata nyati. Debe likawekwa juu ya jiwe ng'ambo ya mto, kijiji kizima kikitazama. Alipofyatua, vumbi likaruka chini ya jiwe. Mtani akalala kifudifudi, akafyatua yake. Debe likaruka.

"Mluguru wewe!" akapiga kelele. "Risasi yako imechoka njiani, imekaa chini kula magimbi!"

Watu wakaangua kicheko. Angesema mtu mwingine, pangechimbika. Kwa mtani hakuna kununa.

"We mpagazi, debe limekukosea nini?" baba akajibu. "Debe halirudi kukutafuta."

Mtani akaacha mzaha. "Basi sikiliza. Jioni nyati anatoka kwenye matete, anakuja mchangani kunywa maji. Nitampiga kwa mbali, kutoka ng'ambo hii, asiumie mtu."

"Utamtoboa, hutamlaza. Yako inafika mbali, lakini haina uzito wa kuvunja bega la nyati. Akirudi kwenye matete na jeraha, atakayekutana naye ni mama yangu. Huyu wa kufuatwa karibu."

Mtani akampisha njia. "Haya, nenda. Ukifa, sanda yako nitaikata fupi."

Baba alicheka, na jioni akavua viatu, akaingia kwenye matete. Mtani alikaa ukingoni na bunduki yake. Mlio ukaja mmoja, ule mzito. Kisha hatukusikia kitu, hata ndege. Bibi hakusogea.

"Kalala!" mtani akapaza sauti kutoka ukingoni, alikowaona. "Mluguru kamlaza!"

Baba alitoka na matope hadi kifuani, bega limevimba kwa teke la bunduki. Bibi hakuuliza habari za nyama. Alimgusa kifua, akampita, akaingia shambani na kisu chake.

Leo matete hayapo, pamejengwa nyumba, na wazee wale wote wametangulia. Nimezunguka migodini na kwenye mashamba ya miwa, nimepanga vyumba mpaka Mwembesongo. Sijaona mwingine aliyeshindwa mbele ya kijiji asubuhi, na jioni akaibeba bunduki ile ile akijua hasa kazi yake. Huyo ni baba yangu, nasema bila aibu. Mpunga ule tuliula mpaka mvua nyingine, na wa kwanza kusogelea sinia alikuwa mtani, akilalamika kwamba wali wa Waluguru una mchanga.